Ugunduzi wa chuo kikuu uwe mali ya nani, chuo au mtafiti?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana aibu. Kuna hoja inarudiwa sana kwamba tafiti za vyuo zinaishia kabatini kwa vile maprofesa hawajui biashara. Mimi napinga. Naona tatizo kubwa ni chuo kutaka hela mapema mno.

Marekani kabla ya 1980 ugunduzi uliofanywa kwa hela ya serikali kwa kawaida ulibaki wa serikali na mwingi ukakaa tu, ndo ikaja sheria ya Bayh-Dole ikavipa vyuo haki ya kumiliki na kutoa leseni. Ilifungua mlango, sikatai. Ila angalieni hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi) ya wanasayansi Cohen na Boyer ya kuunganisha vipande vya DNA: Stanford na Chuo Kikuu cha California hawakuipa kampuni moja iihodhi, walimpa leseni kila aliyetaka, ada ya kuanzia dola 10,000 kwa mwaka na mrabaha mdogo (sehemu ya mauzo) juu yake, mpaka inaisha muda 1997 kampuni 468 zimeshachukua na zimeingia kama dola milioni 255. Bei ndogo, wateja wengi!

Sasa mtafiti anataka kufungua kampuni, chuo kinamdai hisa kibao hata mteja wa kwanza hajampata, mazungumzo yanaburuzwa weee mpaka mwekezaji anachoka anaenda zake.

Na hili linaniuma zaidi. Mwanasayansi Katalin Karikó alishushwa cheo Chuo Kikuu cha Pennsylvania 1995 kwa vile utafiti wake wa mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini) haukuvuta ufadhili, utafiti huohuo ukaja kuwa msingi wa chanjo za Uviko-19 na 2023 akapata Nobel pamoja na mtafiti mwenzake Drew Weissman. Ukimpima mtu kwa hela anayoleta mwaka huu, wa namna hii unampoteza.

Wanaosema mtafiti amiliki mwenyewe, kama Uswidi, wana hoja, ila Ujerumani walikuwa nao utaratibu huo wakaufuta 2002, na kusajili hataza nchi kadhaa ni hela ndefu, mtu mmoja ataitoa wapi?

Mimi napendekeza hivi: hataza ibaki kwa chuo, ikipita miaka 3 haijatumika irudi kwa mtafiti bure, na hisa za chuo zisizidi asilimia 5. Anayepinga aje, ila atuambie pia nani alipie ile hatua ya katikati, kitu kimeshafanya kazi maabara lakini bado hakijawa bidhaa, maana hapo ndo tafiti nyingi zinapofia.