Mume wangu anamrusha juu mtoto wa miezi mitano. Nimkataze?

Mama Kifungua
Habari zenu wapendwa. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi 5. Mimi namlaza mapajani, namwimbia, namfunika uso kwa kanga kisha namfunua, anatabasamu. Baba yake akirudi jioni, hata viatu hajavua, anamrusha juu na kumdaka. Mtoto anacheka mpaka kwikwi inamshika, mimi roho mkononi. Nikisema, naambiwa namdekeza. Jana nilimnyang'anya mtoto, tukalala tumenuniana. Na inaniuma: kicheko kile mimi sijawahi kukipata. Nifanyeje?

Baba Mapacha
Pole dada. Ila usimnyang'anye. Wewe unashinda naye kutwa, mwenzio ana nusu saa tu kabla mtoto hajalala. Wangu hucheka sana na mimi, lakini homa ikipanda hawanitaki kabisa, ni mama tu.

Nesi wa Zamu
Kunyang'anya hapana, na kurusha pia hapana. Miezi 5 shingo ndiyo kwanza inakaza, kichwa bado kizito, na mkono ukiteleza mtoto yuko chini. Kumtikisa kwa nguvu ndiyo hatari zaidi, damu inaweza kuvujia ndani ya kichwa. Mwambie baba alale chali, amshike mtoto mbavuni kwa mikono miwili, ampandishe na kumshusha polepole bila kumwachia. Atacheka vilevile. Akianza kugeuza uso au kujinyonganyonga, amechoka, aachwe apumzike.

Msomaji wa Usiku
Tusidhani kurusha ndiyo ubaba. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliishi na Waaka, jamii ya wawindaji wa msituni katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Akina baba kule walikuwa wamembeba mtoto au wako karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono kwa takriban asilimia 47 ya muda, na michezo ya nguvu ilikuwa nadra. Maelezo yake yamenikaa sana: baba aliyemzoea mtoto hahitaji kumrusha ndipo amchangamshe. Mpe shemeji zamu ya kumwogesha.

Mama Kifungua
Asanteni mno. Leo nimempa beseni na taulo, nikakaa pembeni kimya. Mtoto kapiga maji kwa kiganja, yamemrukia baba machoni, wakacheka wote wawili. Kurusha amekubali kuacha, ila sasa anauliza kumbeba mabegani. Nesi, hilo lisubiri mpaka lini?

Nesi wa Zamu
Mpaka akae mwenyewe bila kuegemezwa, shingo na mgongo vikiwa imara. Na hata hapo, amshike kwa mikono yote miwili.