Mrejesho: bloku za IP kuwa namba, hasi zimeondoka

Assalaam alaykum wakuu. Niliuliza kwa nini JavaScript inageuza bloku ya anwani za IP 192.168.4.0/22 (ya matawi ya Wete na Chake Chake; /22 ni idadi ya biti za mbele zisizobadilika) kuwa namba hasi, -1062730752. Ahsanteni sana, limetengemaa.

Kilichofaa ni ushauri wa kuacha kabisa kusogeza biti, maana hapo JavaScript huhesabu biti 32 zenye alama (biti ya kwanza huonyesha hasi au chanya), na anwani yoyote kuanzia 128.0.0.0 hutoka hasi. Sasa nazidisha tu: 192×16777216 + 168×65536 + 4×256 = 3232236544. Ukubwa wa bloku ni 2 ** (32 - 22), yaani anwani 1024. Mwanzo ni ip - ip % ukubwa (ip ni ile namba ya anwani, % ni baki la kugawanya). Mwisho ni mwanzo + ukubwa - 1, yaani 3232237567. Hata mtu akiandika 192.168.5.77/22, mwanzo ni uleule.

Dawa nyingine, ya kusogeza biti kisha kumalizia na >>> 0 (huifanya namba isomwe bila alama), inaondoa hasi kweli, ila /0 (bloku ya anwani zote) inaikwamisha: kusogeza biti 32 ni sawa na kutosogeza, maski (biti zinazotenga sehemu ya mtandao) inabaki na biti zote 1, badala ya zote 0.

Kwenye hifadhidata ya MySQL, safu inataka INT UNSIGNED (namba nzima zisizo na hasi). INT ya kawaida inakomea 2147483647.

IPv6 (anwani ndefu za biti 128) ndiyo bado. BigInt (namba kubwa za JavaScript) inakokotoa vizuri, lakini namba ya hadi tarakimu 39 haienei kwenye safu ya BIGINT ya MySQL, yenye biti 64. Kwa sasa nahifadhi heksa (namba za msingi wa 16) ya herufi 32, pamoja na sifuri za mbele, la sivyo mpangilio unavurugika.