Eti "mngemwachia Mzungu"! Yule mama wa meza ya mbele leo amenifikisha

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kwenye sendofu sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Jina silitaji, hakuna haja. Yule ambaye hakuna sendofu wala kipaimara Dar nzima inayopita bila yeye kukaa meza ya mbele, anayepakua pilau kabla ya bibi harusi. Huyo huyo.

Nimempeleka binti yetu wa kuasili, yaani tuliyemchukua kisheria akawa mwanetu, akamwamkie. Mtoto kapiga goti, "Shikamoo bibi." Mama hajaitikia. Kamkagua juu mpaka chini, kanigeukia, paja la kuku mkononi: "Huyu ndiye yule wa kituo cha watoto? Si mngemwachia tu Mzungu akaenda zake Ulaya akapate maisha?"

Na ile sauti yake! Muziki ulizimwa. Kigamboni ng'ambo walisikia, na pantoni nadhani ilisimama.

Mtoto bado kapiga goti, jamani. Anasubiri marahaba.

Huyu hatukumwokota njiani. Afisa ustawi wa jamii aliingia kwetu, akakagua mpaka choo, akahoji majirani. Tukapewa malezi ya kambo kwanza, yaani kumlea kwa muda, tukafuatiliwa, ndipo Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuasili. Ni mwanetu, na atarithi kama wa kuzaa. Na huyo Mzungu anayemlilia, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, tena mtoto awe amekosa familia ya kumlea hapa hapa. Yaani foleni inaanza na sisi! Mgeni akimbeba mtoto wetu anapigwa picha na kusifiwa. Mtanzania akimchukua anaulizwa kama ana matatizo ya uzazi.

Paja la kuku mkononi, wakuu. PAJA LA KUKU! Na mtoto yuko chini pale.

Kwenye gari ananiuliza, "Mama, labda bibi hakusikia, nirudi nimwamkie tena?" Nimjibu nini? Semeni.

Kiazi Mviringo: Huyo mama! Kwenye harusi ya mdogo wangu alikuja na makopo matatu ya kufungia chakula. Pole sana dada, mbusu binti.

Babu wa Bajaji: Na wewe unampelekaje mtoto kuamkia mtu yuko kwenye kuku? Hapo huwa hasikii hata adhana.

Mleta uzi: Babu, kwa hiyo mtoto asiamkie wakubwa? Alisikia vizuri sana! Alimwangalia machoni!

Jirani wa Namanga: Huku Kenya serikali ilisimamisha wageni kuasili watoto tangu Novemba 2014. Mleteni huyo mama amtafute huyo Mzungu wake, tuone atampata wapi.

Bi Karafuu: Pole mwaya. Zanzibar sheria yetu ya 2011 ina kafala, mtoto unamlea kama wako bila kumbadilisha nasaba. Nina wangu wa kafala. Mamamkwe kila Idi anawanunulia nguo wajukuu wote, wangu anasema kasahau saizi. Kila Idi anasahau saizi!

Mleta uzi: Bi Karafuu umenitoa machozi. Huyo na wangu ni ndugu.

Kapera Msomi: Afadhali nyie mmepata. Mimi sina mke, nimeomba mtoto wa kike, nimeambiwa mwanaume peke yake hapewi binti mpaka kuwe na sababu maalumu. Nani atanisemea mimi?

Kiazi Mviringo: Oa.

Kapera Msomi: Mahari mtalipa nyie?

Mshenga Mstaafu: Samahani, hiyo sendofu ni ile ya Mbezi? Nilichanga laki mbili nikapewa kadi ya mtu mmoja. Mke wangu kalala sebuleni mpaka leo.

Babu wa Bajaji: Laki mbili kadi ya mtu mmoja?! Mimi nilichanga, mlangoni jina halipo, nikala chipsi nje na walinzi.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwa mwanangu. Paja la kuku mkononi...

Mshenga Mstaafu: Tutarudi dada, vumilia kidogo. Mweka hazina wa kamati yumo humu, nimemwona kwenye uzi wa mpira. Ajitokeze atuambie kuku waliobaki walikwenda wapi.