Dien Bien Phu 1954: baiskeli au mizinga ya China?

MTOA MADA: Kila ikitajwa vita hii, ambapo Viet Minh, wapiganaji wa uhuru wa Vietnam, waliizingira ngome ya Wafaransa kwenye bonde la kaskazini magharibi mwa Vietnam, sifa zote huenda kwa wapagazi na baiskeli zilizowapelekea Viet Minh chakula. Mimi nasema Wafaransa walishindwa kwa mizinga: ya milimita 105 ya kupiga ngome na ya milimita 37 ya kutungulia ndege, yote ikipitia China. Bila hiyo ngome isingeanguka Mei 7. Nani anapinga?

– Napinga, mkuu. Anayejaza mzinga lazima ale. Piga hesabu: mpagazi ana kilo 20 za mchele na anakula kilo moja kwa siku. Siku kumi kwenda, kumi kurudi, kambini hakifiki kitu. Baiskeli ilibeba kilo 200 na ushei, na tumbo la msukumaji ni lile lile. Haikupandwa. Ufito wa mwanzi ulifungwa kwenye usukani ukatokeza pembeni, ili anayetembea kando aelekeze gurudumu. Mwingine ulisimamishwa kwenye kiti, wa kusukumia na kuzuia mteremkoni. Tairi zilizungushiwa matambara zisipasuke kwa uzito.

– Malori umeyaruka. Risasi za mizinga zilishuka kutoka mpakani kwa malori, zaidi usiku, kukwepa ndege.

– Na wote mmeiruka Januari! Mizinga ilishafika, Giap, jemadari wa Viet Minh, akaahirisha shambulio na kuamuru irudishwe nyuma, ikivutwa kwa kamba na mikono ya watu. Baadaye ikachimbiwa vilimani, kila mmoja kwenye shimo lake lenye paa, mdomo ukitazama bonde. Piroth, mkuu wa mizinga wa Wafaransa, aliahidi kuinyamazisha. Shambulio lilianza Machi 13. Piroth akajiua kwa guruneti siku chache tu baadaye. Kufikia mwisho wa Machi ndege haikuweza tena kutua. Mizigo ikadondoshwa kwa miavuli, na kadiri ngome ilivyobanwa, mingi ikaangukia kwa Viet Minh. Mizinga ile ile ingefyatuliwa Januari, ikiwa haijafukiwa, nina shaka kama tungekuwa na mjadala huu.

MTOA MADA: Bado ni mizinga, ndugu yangu, hata kama ilifukiwa.

– Sawa, basi hesabu na gharama yake. Mei 8 suala la Indochina, yaani makoloni ya Wafaransa ya Vietnam, Laos na Kambodia, likafunguliwa kwenye mkutano wa Geneva, na Julai Vietnam ikakatwa vipande viwili kwenye latitudo ya 17. China iliyotoa mizinga ndiyo iliyowasukuma Viet Minh waukubali mstari huo.