Mrejesho: Mwalimu wa judo aliyenikatalia mapambano
Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nilipowauliza kama nihame ukumbi wangu wa judo jijini Tokyo, kwa kuwa mwalimu alikuwa akinikatalia randori, yaani mapambano ya mazoezi, wengi mlinishauri nirudi kwenye ukemi, namna ya kuanguka. Kwa miezi 3 nimekuwa nikifika mapema na kuanguka mara 100, kidevu kifuani, mkono ukipiga tatami, yaani mkeka wa mazoezi. Wiki iliyopita mwalimu, bila kutamka neno, alinionyesha mpinzani kwa kidole. Nilitupwa mara moja kwa osotogari, mtupo wa kumfagia mtu mguu ili aanguke chali, ila kisogo hakikugusa chini. Ushauri wa kumwomba anieleze makosa yangu haukufaa, kwani alijibu "Tena" akaondoka zake. Kuketi seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino, bado kunanishinda kwa sababu ya goti, lakini sihami.