Jenerali Rall wa Ujerumani kwenda kwa makaburu 1974: alistahili kutolewa au alitolewa kafara?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na mzee jirani yangu mpaka kahawa ikapoa, nikaona hii niilete hapa tuichambue, matusi tuache nyumbani.

Kwa wasiomjua, Günther Rall alikuwa rubani wa kivita wa Ujerumani, mzaliwa wa 1918, vita ya pili ya dunia alitungua ndege 275, nyingi za Warusi, na dunia nzima waliomzidi ni wawili tu, Hartmann na Barkhorn, tena waliruka naye kikosi kimoja. Novemba 1941 kaanguka na ndege kavunjika mgongo, madaktari wakamwambia habari ya kuruka asahau, mwaka uliofuata yuko angani. Mei 1944 risasi za Wamarekani zikaondoka na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Yani jamaa alikuwa chuma.

Vita imeisha Ujerumani ikakaa miaka kumi haina jeshi, 1956 lile la Ujerumani Magharibi lilivyokuwa linaanza akaingia, akashughulika na mradi wa Starfighter, ile ndege waliyonunua 916 zikaanguka karibu 300 na marubani 116 wakafa, akapanda ngazi mpaka Januari 1971 akawa mkuu wa jeshi lote la anga. 1974 wakampeleka Brussels kuwa mwakilishi wa nchi yake kwenye kamati ya kijeshi ya NATO.

Sasa ndo mada yenyewe. Akiwa na cheo hicho hicho, Oktoba 1974, kapanda ndege kaenda kutembea Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka mmoja baadaye ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakanasa nyaraka za ubalozi wa Afrika Kusini pale Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati huo, jarida la Stern likaanika, na Oktoba 1975 waziri wa ulinzi Georg Leber akamstaafisha kabla ya wakati. Yeye alishikilia kuwa ilikuwa safari yake binafsi.

Mimi nasema kuondoka ilibidi aondoke. Angalieni kalenda tu. Tarehe 30 Septemba 1974 mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa umekataa hati za ujumbe wa Pretoria, yani serikali ya makaburu, tarehe 30 Oktoba nchi za Afrika zimepeleka hoja baraza la usalama makaburu wafukuzwe kabisa, Marekani na Uingereza na Ufaransa wakaweka veto zote tatu kwa mpigo, tarehe 12 Novemba Bouteflika wa Algeria ndo yuko kwenye kiti cha mkutano mkuu, wakawasimamisha wasishiriki mkutano huo. Katikati ya moto huo jenerali wa NATO yuko huko huko anatembezwa. Binafsi ipi hiyo? Mwenyeji wako akikupokea anampokea nani, wewe au nyota za begani?

Mjeda mstaafu

Mleta mada umeandika vizuri ila umehukumu haraka. Mimi nimevaa gwanda miaka mingi. Mwanajeshi hatungi sera ya nje. Ujerumani Magharibi mwaka huo ilikuwa na ubalozi Pretoria, Pretoria ina ubalozi Bonn (si ndo huo huo nyaraka zimeibiwa?), makampuni yao yanauza na kununua kule kila siku ya Mungu, Lufthansa inatua Johannesburg. Kama kwenda kule ni dhambi basi wangeanza na waziri wa biashara. Hata vikwazo vya silaha vya lazima vya UN vimekuja Novemba 1977, kabla ya hapo ilikuwa ni hiari, 1974 hakuna sheria aliyovunja huyo mzee. Wanasiasa walibanwa na magazeti wakatafuta shingo ya kukata wakaikuta ya kwake, basi.

Na huyo Leber mwaka uliofuata akakata wengine wawili, Krupinski na Franke, hao ni majenerali wa jeshi la anga hilo hilo, kisa walimtetea Rudel, yule rubani wa zamani aliyekuwa nazi mpaka anakufa, alialikwa kwenye sherehe ya kikosi, wakasema kama bungeni kuna aliyewahi kuwa mkomunisti mbona Rudel asikanyage kambini. Na nyuma kidogo 1966 mkuu wao Panitzki alisema Starfighter ilinunuliwa kisiasa, naye akaondoka. Mnaona mchezo ulivyo? Mwanajeshi akifungua mdomo au akifunga safari, kwisha.

Dada wa Moro

Shikamoo mzee wangu mjeda. Kwa heshima zote, hapo kwenye Rudel umejipiga mwenyewe. Hao wawili walikuwa wanamtetea nazi ndani ya jeshi la nchi iliyoapa kuachana na unazi, unataka wapewe medali?

Halafu nyie mnasahau haya mambo yalikuwa mlangoni kwetu. ANC wakati huo walikuwa na kambi Kongwa, mkutano wao mkubwa wa 1969 waliufanyia hapa hapa Morogoro, ofisi ya kamati ya ukombozi wa Afrika ilikuwa Dar. Vijana wametoroka kwao wamekuja kulala kwenye mahanga ya Kongwa na vumbi lile, alafu jenerali anatuambia alienda kupunga upepo.

Na ngoja niwakumbushe kitu. 1964 wanajeshi wa anga wa Ujerumani Magharibi walikuwa hapa kwetu wanatuanzishia kikosi cha ndege. Februari 1965, sababu Mwalimu aliruhusu Ujerumani Mashariki, mahasimu wao, wafungue konsulati Dar, konsulati tu sio ubalozi, Bonn wakawaondoa wakufunzi wao wote. Mwalimu akawaambia kama misaada ina kamba basi na iliyobaki chukueni. Tukaletewa Wakanada na ndege zao za Caribou na Otter. Kwahiyo sisi tulinyang'anywa walimu kwa sababu ya kibao cha konsulati, ila makaburu miaka tisa baadaye wanatembelewa na mkubwa wa wale wale. Hapo ndo mimi hasira zangu zilipo, na sio kwa Rall peke yake.

Mleta mada

Dada umenimaliza, hiyo ya 1965 nilikuwa sijaiunganisha kabisa na hii.

Mzee mjeda nakubali nusu. Kafara ilikuwepo. ANC zile nyaraka hawakuzitoa ili mzee mmoja astaafu, wao walikuwa wanasema kuna ushirikiano wa nyuklia kati ya Bonn na Pretoria, Bonn wakakanusha, na ukimtoa jenerali mmoja kwa kelele nyingi watu wanaacha kuuliza lile swali kubwa. Kwa hiyo Rall alikuwa na kosa NA alitumika kuziba tundu, vyote viwili kwa pamoja, sioni vinapogombana. Ila hiyo ya kusema hakuna sheria aliyovunja, mzee hapo hapana. Wewe mwenyewe ulipokuwa jeshini ukienda likizo hukuandika popote unakokwenda?

Mjeda mstaafu

Marahaba dada wa Moro. Nimekusoma, ya Rudel nimeiondoa mezani.

Mleta mada umeniuliza swali baya. Tuliandika ndiyo, fomu inataka uandike unakwenda wapi, kwa nani, unarudi lini. Mimi niliandika Tabora kwa mama mkwe, nikaonekana Mwanza kwenye harusi ya rafiki yangu. Mkubwa wangu hakuniuliza hata nilifuata nini, aliniuliza kitu kimoja tu, ulivaa sare? Nikasema ndiyo afande, koplo kwenye harusi ya watu bila sare unakuwa nani. Wiki mbili sikutoka getini.