"Historic" au "historical"? Nisaidieni kabla kipeperushi hakijachapwa

Mtembeza wageni, Kilwa Masoko

Wakuu, habari za jioni. Mwaka wa nne huu natembeza wageni Kilwa Kisiwani. Kuongea naongea nao kutwa nzima, ila kuna maneno ya Kiingereza yananitesa kwa kufanana. Juzi kwenye Msikiti Mkuu mgeni alitaka kupanda ukuta apige picha. Nikamwambia, "Please, this wall is very sensible." Akabaki ananitazama. Mwenzake akanisahihisha taratibu: "Sensitive." Nilishukuru, lakini kwenye mashua, njia nzima ya kurudi, nilikuwa nawaza: ni mangapi mengine ninayakosea na watu wananinyamazia? "Historic" na "historical" ndiyo nayachanganya kila siku. Sasa naandika kipeperushi, na maandishi hayafutiki.

Mwalimu wa sekondari

Pole ndugu yangu. Sisi Kiswahili chetu kinasema "ya kihistoria" kwa yote mawili, ndiyo maana tunateleza. "Historical" ni chochote kinachohusu mambo ya kale, hata kigae cha chungu. Riwaya inayosimulia Wareno walivyoivamia Kilwa mwaka 1505 ni "historical novel", hata kama ni mbovu na hakuna aliyeisoma. "Historic" ni jambo lenye uzito, lililoacha alama. Desemba 9, 1961 ilikuwa "historic day" kwa Tanganyika. Magofu yenu, yaliyomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yaite "historic site". Masimulizi ya Ibn Battuta, msafiri wa kale aliyefika hapo 1331, ni "historical source".

Usitegemee mkia wa neno ukuongoze, maana kila jozi ina mambo yake. "Economic" ni ya uchumi. "Economical" ni gari lisilobugia mafuta.

Na lile la ukutani: "sensible" ni mtu mwenye busara, "sensitive" ni kitu kinachodhurika upesi. Mfaransa angekuelewa, kwa sababu kwao "sensible" ndiyo yenye maana hiyo ya pili.

Karani wa bohari

Naongeza jozi iliyonigharimu. Niliandika kwenye ripoti "continuous power cuts", bosi akapiga simu usiku kuuliza umeme umekatika tangu lini, na samaki wa kwenye majokofu wamefikia wapi. Nilimaanisha unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Hiyo ni "continual". "Continuous" haina mapumziko, kama mvua ya masika iliyoanza alfajiri ikashinda mpaka usiku.

Mtembeza wageni, Kilwa Masoko

Karani, asante, hiyo sikuwa naijua kabisa. Mwalimu, shikamoo. Kuna sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Wageni huipenda sana habari hiyo. Niandike "historic coins"?

Mwalimu wa sekondari

Marahaba. Sarafu zenyewe andika "historical coins", ni vitu vya kale. Kule kuokotwa kwake ndiko unakoweza kukuita "historic", lakini uwe tayari: mgeni akikuuliza kulibadilisha nini, umjibu palepale. Kama huna jibu, andika "important" uendelee na sentensi inayofuata.